Jando, Neno na Mwenendo: Habari ya Ukristo katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Mchungaji kijana anayepelekwa Nachingwea au Ruangwa haishi huko muda mrefu kabla ya kutambua kwamba kijiji kina kalenda yake. Mahindi na mtama yakiisha kuingia ghalani, ngoma huanza kusikika usiku, na watoto kadhaa wa darasa la Jumapili hawaonekani tena. Akiuliza wako wapi, hujibiwa kwa ufupi na kwa heshima kwamba wameingia. Hakuna anayemwambia wameingia wapi, maana hata mgeni hutazamiwa kujua. Wanaporudi wana nguo mpya, na wakati mwingine jina jipya. Zaidi ya hayo wamefundishwa namna ya kumwamkia mkubwa, namna ya kukaa na mke au mume, na namna ya kunyamaza. Kwa maneno mengine, wamefundishwa mwenendo. Mchungaji naye, ambaye alidhani kufundisha mwenendo ni kazi aliyopewa yeye siku ya kubarikiwa kwake, amekuta kazi hiyo imekwisha kufanywa na watu wengine mahali pengine.

Katika makala hii tunakusudia kutazama jinsi Kanisa lilivyokabiliana na jambo hilo katika nchi ile tangu karne ya kumi na tisa. Yafaa tukiri mapema kwamba habari hii si yetu Walutheri. Sisi tulifika kusini kwa kuchelewa, na kazi ya kwanza ilifanywa na Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi UMCA, na Wabenediktini wa Kanisa Katoliki. Lakini swali walilokutana nalo ni letu vilevile: Mkristo aliyesikia Neno la Mungu kanisani ataliishije Neno hilo katika jamii ambayo tayari ina shule yake ya kuishi?

Mwanzo wake ni Masasi, mwendo usio mrefu kutoka Nachingwea. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyejitaabisha kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, aliondoka Zanzibar akiwa na kundi la watumwa waliokombolewa, akapitia Lindi kwenda bara. Nia yake ilikuwa kuelekea Ziwa Nyasa, nchi ambako wengi wao walitekwa. Walipofika kwenye vilima vya Masasi watu wale waliridhika na mahali, wakajenga. Basi Kanisa la kwanza la upande ule lilikuwa kijiji cha watu waliotengwa na koo zao kwa nguvu, wasio na mjomba wala babu wa kuwafundisha. Hilo si jambo dogo. Kwa watu wa kusini, ambao wengi wao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mtu asiye na mjomba hana wa kumsemea.

Katika kijiji kile pengo la mjomba lilizibwa na misheni. Kengele iliwaita watu kusali na kufanya kazi, na mmisionari alikuwa kasisi, mwalimu na hakimu kwa wakati mmoja. Kuishi kwa mafundisho ya Mungu kulimaanisha kushika kanuni za kituo. Hatupendi kuwacheka wazee wale, kwa kuwa hata leo ziko sharika zetu zinazoendeshwa hivyo. Lakini kijiji hakikudumu. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Wagwangwara waliishambulia Masasi, wakaua na kuteka watu, na kazi ikahamia Newala kwa muda. Kanuni za kituo zilikosa kituo.

Lililofuata ni tofauti sana. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, karibu na Newala, mtu aliyeitwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na kusomeshwa Zanzibar na baadaye Uingereza. Mwaka 1890 alipewa ukasisi, wa kwanza kati ya Waafrika wa misheni ile, na aliendelea kuongoza kazi ya Chitangali bila Mzungu wa kukaa naye. Kazi yake ilikua kuliko vituo vingi vya Wazungu. Majaliwa hakuwa na kijiji cha waliokombolewa. Alikuwa mgeni katika nchi ya mtawala, akihubiri kwa watu wenye wajomba, wenye makaburi ya wahenga na wenye jando. Hapo ndipo swali letu lilipozaliwa kwa kweli. Mwana wa Mkristo aingie jandoni au asiingie? Akiingia, atashiriki maombi kwa wafu. Asipoingia, atabaki mtoto katika macho ya watu wote, hata akiwa na mvi, na hakuna atakayemwoza binti yake.

Tufafanue jando lilikuwa nini, kwa ajili ya wasomaji wa mikoa ambako jambo hili halijulikani, au ambako limebaki kuwa upasuaji tu. Kwa Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera, tohara ilikuwa sehemu ndogo. Kabla ya wavulana kwenda porini mkubwa wa nchi alimwaga unga chini ya mti akiwaomba wahenga wawalinde. Kisha ngariba alifanya kazi yake, na wavulana wakakaa kambini kwa majuma mengi chini ya makungwi, wakifundishwa kwa nyimbo, kwa mafumbo na mara nyingi kwa fimbo. Mwishoni kambi ilichomwa moto, nao wakatoka pasipo kutazama nyuma. Kwa wasichana ulikuwako unyago wao, ulioongozwa na nyakanga na wanawake wazima, wanaume wakikatazwa hata kuuliza. Mafundisho mengi yalikuwa mema: heshima, uvumilivu, kutosema siri za nyumba. Mengine yalipingana na Injili waziwazi, kama lile agizo lililojulikana miongoni mwa Wayao, kwamba kijana atokaye afute vumbi la kambi kwa kulala na mwanamke.

Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 viliigeuza nchi hiyo juu chini. Wamwera walishiriki kwa wingi. Vituo vya Wabenediktini vya Lukuledi na Nyangao vilichomwa, na kituo cha Waanglikana cha Masasi nacho kikateketezwa. Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa mwezi wa Agosti mwaka huo katika nchi ya Liwale walipokuwa njiani kutoka pwani. Baada ya vita ikaja njaa, na baada ya njaa watu wengi wakaelekea Uislamu. Mwaka 1908 ulienea katika wilaya ya Lindi waraka uliodaiwa kutoka Uarabuni, ukiwataka waumini watubu kwa kuwa mwisho wa dunia umekaribia. Serikali ya Wajerumani ilitaharuki, na wamisionari pia. Uislamu ulikuwa na jambo moja ambalo Kanisa halikuwa nalo. Uliipokea tohara kama sunna, mwalimu wa Kiislamu akakaa ndani ya jando bila shida, na jando likawa mlango wa kuingilia katika dini. Mkristo wa wakati ule aliyempeleka mwanawe jandoni alikuwa katika hatari ya kumpokea akiwa mwanafunzi wa dini nyingine. Tusiwalaumu Waislamu kwa hilo: walikaa mahali ambapo sisi tulikataa kukaa.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea William Vincent Lucas, kasisi wa Masasi, ambaye mwaka 1926 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi mpya ya Masasi na kuiongoza hadi 1944. Kuanzia muongo wa 1910 aliruhusu, kisha akasimamia, jando la Kikristo. Hoja yake aliitangaza katika insha ya mwaka 1928 juu ya Ukristo na desturi zisizo za Kikristo. Alitaka kila desturi ichunguzwe. Iliyo mbaya kabisa ikataliwe, iliyo njema ipokewe, na iliyo na mchanganyiko itakaswe na kupewa maana mpya. Basi mahali pa kumwaga unga pakawa na maombi kwa Mungu. Wavulana walitanguliwa na ibada kanisani, msalaba ukasimamishwa kambini, kasisi au mwalimu akaishi nao, sala zikasemwa asubuhi na jioni, na siku ya kutoka wakaingia kanisani kwa maandamano na kubarikiwa. Kwa nyakati zile jambo hili lilikuwa la ujasiri mkubwa. Wamisionari wengi Afrika nzima walijua neno moja tu juu ya jando, nalo lilikuwa "marufuku".

Hata hivyo tunapenda kusahihisha heshima inayotolewa kwa Lucas peke yake. Mwanahistoria Terence Ranger, katika makala yake maarufu ya mwaka 1972, alionyesha kwamba nguvu ya jaribio hilo ilitoka kwa makasisi, walimu na wazee Waafrika wa Masasi, ambao walikuwa wamelibeba swali hilo tangu siku za Majaliwa. Wao ndio waliojua wimbo gani wa kambini una matusi na upi una hekima. Wao ndio waliolishika Kanisa wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wamisionari Waingereza walipowekwa kizuizini na Wajerumani, na majeshi yalipopigana hadi Mahiwa karibu na Nyangao, Oktoba 1917. Askofu alitoa ruhusa na maelezo ya kitheolojia. Makungwi Wakristo walitoa jando lenyewe. Bila wao msalaba ule kambini ungekuwa mti mwingine tu.

Sasa tuje kwenye Maandiko, maana ndiyo yanayotuhusu zaidi kama wanafunzi wa theolojia. Yaweza kuonekana kwamba Agano Jipya limekwisha kulimaliza jambo hili. Mitume na wazee walikutana Yerusalemu, Matendo 15, juu ya tohara hasa, wakaamua kutowatwika watu wa Mataifa mzigo huo. Paulo katika Wagalatia 5 ni mkali kuliko wote. Mmisionari anayekataza jando angeweza kuishika sura hiyo kama fimbo. Lakini Paulo hakuwa akizungumzia ngariba wa Kimwera. Aliwapinga wale waliosema kwamba pasipo tohara hakuna wokovu, na Paulo huyo huyo, katika sura inayofuata mkutano wa Yerusalemu, alimtahiri Timotheo kwa ajili ya watu wa mahali pale. Kilichomhukumu mtu ni tumaini lake limewekwa wapi. Basi swali halisi la kambini ni hili: kijana huyu anaambiwa amekuwa mtu kwa nini? Kwa damu yake iliyomwagika na fimbo alizovumilia, au kwa ubatizo alioupokea bila kuustahili?

Hapa tunaona udhaifu wa mpango wa Lucas. Alichunguza desturi moja moja, kama mwanamke achambuaye mchele, akitupa mawe na kubakiza chembe. Hakuuliza vya kutosha juu ya chungu. Jando lilikuwa sheria, kwa maana ile ambayo Luther alitufundisha kulitumia neno hilo: liliagiza, lilitisha na liliahidi heshima kwa atakayetimiza. Kuweka sala ndani ya sheria hakuifanyi kuwa Injili. Kijana aliyepigwa na kungwi Mkristo kwa kusahau jibu la fumbo alijifunza heshima, hatukatai. Lakini ni vigumu kuona ni wapi alijifunza neema. Wala hatusemi kwamba waliokataza walifanya vema zaidi. Kukataza nako ni sheria, tena sheria isiyofundisha lolote, na matunda yake yalikuwa watu kuingia jandoni usiku na mezani pa Bwana mchana.

Kwa wasichana jaribio lilikuwa gumu zaidi, na sababu zake zinatufundisha mengi. Makasisi walikuwa wanaume. Waafrika kati yao walijua jando kwa sababu walilipitia, lakini unyago hawakuwa na ruhusa hata ya kuusikia. Wamisionari wanawake walijitahidi, ila walikuwa wageni, nao manyakanga hawakuwa na sababu ya kuwafunulia siri ambazo hawakuwafunulia waume zao. Wake Wakristo, ambao wangekuwa makungwi, hawakuwa na cheo katika Kanisa cha kuwapa neno la mwisho. Kwa hiyo kwa upande wa wavulana Kanisa lilikuwa na watu waliosimama kote kuwili, kambini na madhabahuni. Kwa upande wa wasichana halikuwa nao. Matokeo yake ni kwamba mafundisho mazito juu ya mwili, ndoa na uzazi yalibaki nje ya Neno, na huko yamebaki katika nyumba nyingi. Tunapowasikia viongozi wa leo wakisikitikia mimba za wasichana wadogo katika mikoa ya kusini na kuusingizia unyago peke yake, tunajiuliza kama hawakumbuki ni nani aliyeondoka mlangoni.

Lyndon Harries, mmisionari wa misheni hiyohiyo na mtaalamu wa lugha aliyechapisha sarufi ya Kimwera mwaka 1950, aliupima mpango huu mwaka 1945, mwaka uliofuata Lucas kuacha uaskofu, na hakuusifu tu. Na kwa kweli nchi yenyewe ilikuwa karibu kubadilika kuliko Lucas alivyoweza kuwaza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali patatu palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Msitu ulifyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka Mtwara, vibarua wakamiminika kutoka kila upande. Mradi uliachwa mwaka 1951, na reli nayo ikang'olewa mapema katika miaka ya 1960. Kisha wakaja wapigania uhuru wa FRELIMO na kambi yao. Mwaka 1963 Nachingwea ikawa makao ya jimbo Katoliki, ambalo tangu 1986 linaitwa Jimbo la Lindi. Katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Jando lililotegemea mkubwa mmoja wa nchi, mti mmoja na ukoo mmoja lilijikuta katika kijiji chenye makabila manne na mwenyekiti wa chama.

Tena hospitali zilikuja. Mwaka 1949 daktari Leader Stirling, aliyekuwa ametumika na Waanglikana tangu miaka ya 1930 na ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alihamia hospitali ya Wabenediktini ya Mnero, katika nchi ya Nachingwea, akakaa huko miaka kumi na mitano. Tunamtaja kwa kuwa hospitali ilileta badiliko ambalo askofu yeyote hangeweza kulipanga. Leo mzazi anaweza kumpeleka mwanawe atahiriwe na mganga mwenye dawa ya ganzi, na mtoto akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ni baraka, maana vifo vya kambini vilikuwapo. Lakini kisu kimehama, mafundisho hayakuhama pamoja nacho. Pale ambapo kambi imefupishwa ikawa majuma machache ya likizo ya shule, kilichokatwa kwanza ni maneno ya wazee, na kilichobaki ni ngoma na pombe. Lucas alihofia jando lisilo na Kristo. Sisi tunaweza kukuta jando lisilo na fundisho lolote.

Yuko Mlutheri mmoja tunayepaswa kumkumbuka hapa, Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi yake kubwa Moshi ya Kale hadi 1938. Miaka ileile ambayo Lucas alikuwa Masasi, Gutmann alikuwa akiandika mafundisho ya jando ya Wachagga, yaliyochapishwa katika vitabu vitatu kati ya 1932 na 1938. Yeye hakufungua jando la Kikristo. Alichofanya ni kuvichukua vifungo vya rika, ukoo na ujirani na kuvitia katika kipaimara, akiwaunganisha vijana katika vikundi vidogo vya kusaidiana katika maisha yao yote. Amelaumiwa, kwa haki, kwamba aliupenda mno ukabila wa kale na kuwaonea shaka Wachagga waliotaka shule na biashara. Lakini aliona jambo ambalo vitabu vyetu vya kipaimara vimelisahau: kijana hafundishwi mwenendo na kitabu. Hufundishwa na mtu anayekaa naye.

Jambo hilo liko wazi katika Kumbukumbu la Torati 6, ambapo wazazi wanaagizwa kuyafundisha maneno ya Mungu kwa watoto wao wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na kuamka. Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 aliikabidhi kwa mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Tazameni mahali pa mafundisho haya: kitandani, njiani, mezani. Ndipo mahali pa kungwi. Mchungaji wetu wa Nachingwea ana saa moja ya kipaimara Jumamosi, akiwa na vijana thelathini na nakala tano za Katekisimo. Kungwi ana usiku na mchana. Haitoshi basi kuuliza ni desturi zipi zikubaliwe. Ni lazima tuulize nani atakuwako.

Kwa hiyo habari ya Masasi haitupi kanuni ya kunakili. Inatupa majina ya watu waliokuwako: Majaliwa akiwa peke yake Chitangali, na walimu wa miaka ya vita, ambao wengi wao hatuwajui majina, walioingia porini na wavulana wakiwa na Agano Jipya la Kiswahili na ujuzi wa nyimbo za zamani. Walikosea mara nyingi. Lakini mvulana aliyeogopa usiku wa kwanza alisikia sauti ya mtu anayemfahamu kanisani ikimwombea.

Wanafunzi wetu wanaomaliza mwaka huu, baadhi yao watatumwa upande ule. Yaelekea kwamba kabla ya mavuno kwisha mzee wa usharika atamjia mchungaji mpya jioni, atakaa, ataulizia hali ya nyumbani kwa urefu, kisha atasema kwamba watoto kadhaa wa Wakristo wataingia mwaka huu, na wenzao wa dini nyingine wamekwisha kumpata mwalimu wa kukaa nao. Atanyamaza hapo, akisubiri jibu. Na mke wake, aliyekaa nyuma kidogo, atakuwa na swali lake juu ya mabinti, ambalo hataliuliza mbele ya mwanamume.